Treni ya Kasi Kando ya Barabara Kuu: Je, Ardhi ya Barabara Inatosha?

Kila mara habari za kupanua barabara kuu ya Nairobi–Mombasa zinapofika vijijini, swali moja huzuka katika mabaraza na vikao vya kukusanya maoni ya umma: kwa nini treni ya kasi isijengwe papo hapo kando ya lami, ili wananchi wasipoteze mashamba tena? Ni swali la haki. Wakazi wa Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Makueni, Kajiado na Machakos walishuhudia ujenzi wa reli ya SGR kuanzia mwisho wa 2014, na wengi wanakumbuka vigingi vya wapimaji, safari za kufuatilia fidia na mashamba yaliyobaki vipande viwili. Barabara tayari ina ardhi yake. Reli nyingine ikiweza kulala ndani ya ardhi hiyo hiyo, hakuna atakayehitaji kuhamishwa.

Makala haya hayatangazi mradi wowote. Yanaeleza kwa nini jambo hilo limewezekana katika nchi nyingine, kwa nini limegharimu zaidi ya ilivyotarajiwa, na kwa nini jibu kwa mwenye shamba kando ya barabara linategemea tarakimu moja isiyotajwa sana kwenye mikutano, nayo ni kasi ambayo treni imekusudiwa kwenda.

Kasi gani hasa?

Maneno "treni ya kasi" hutumiwa kwa mambo mengi. Kwa kipimo cha Muungano wa Kimataifa wa Reli, UIC, reli mpya huitwa ya kasi ikiwa treni zake zinaweza kwenda kilomita 250 kwa saa au zaidi. Reli ya zamani iliyoboreshwa hukubaliwa kuanzia kilomita 200. Ya kwanza duniani ilifunguliwa Japani tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, ikienda kilomita 210 kwa saa, na tangu siku hiyo haikuwa na mahali hata pamoja ambapo gari au mtu huvuka juu ya reli.

SGR yetu, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilisanifiwa kwa kilomita 120 kwa saa kwa abiria na 80 kwa mizigo. Umbali wa takriban kilomita 472 kati ya Nairobi na Mombasa huchukua kama saa 5. Jirani zetu Tanzania walifungua mwaka 2024 reli ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma inayofika kilomita 160 kwa saa. Zote mbili ni reli za kisasa zenye manufaa, lakini hakuna hata moja iliyo ya kasi kwa maana ya UIC. Tofauti hii si ya majina tu. Kati ya 160 na 300 ndipo barabara na reli huanza kuachana njia.

Kona moja, ekari 24

Dereva wa matatu akifika kwenye kona hupunguza mwendo kidogo, akageuza usukani, basi. Treni haina usukani. Njia yenyewe ndiyo inayoigeuza, na kona ikiwa kali kuliko kasi ya treni, abiria husukumwa upande mmoja, magurudumu huikwaruza reli, na kasi ikizidi treni huweza kuacha njia. Kanuni ya wahandisi ni rahisi kukumbuka: kasi ikiongezeka mara mbili, nusu kipenyo cha kona lazima kiongezeke mara nne.

Tuchukue mfano wa kona ya kawaida ya barabara kuu, ambapo barabara inabadilisha mwelekeo kwa digrii 30. Barabara iliyosanifiwa kwa kilomita 110 kwa saa inaweza kugeuka kwa nusu kipenyo cha karibu mita 500. Treni ya kilomita 120 kwa saa huhitaji karibu mita 800, ya 160 karibu mita 1,300, na ya 300 karibu mita 4,000. Tarakimu hizi hubadilika kidogo kulingana na jinsi njia inavyoinamishwa kwenye kona, ila picha haibadiliki.

Sasa mpima ardhi akichora mistari hiyo juu ya ramani moja, hiki ndicho anachokiona. Reli ya 120 inapita kama mita 10 ndani ya kona ya barabara, na bado inaweza kukaa kwenye ardhi ya barabara. Reli ya 160 inapita karibu mita 28 ndani, na huenda ikagusa safu ya kwanza ya viwanja. Reli ya 300 inaanza kuiacha barabara kilomita moja kabla ya kona, inapita zaidi ya mita 120 ndani ya mashamba, na kurudi kando ya barabara kilomita moja baada ya kona. Kati ya lami na reli kunabaki kipande chenye umbo la mwezi mchanga, urefu wake kilomita 2. Ukikipima, ni kama ekari 24. Kwa reli ya 160, kipande hicho kingekuwa ekari 2 tu na kidogo.

Ekari hizo 24 hazichukuliwi zote. Zinazingirwa. Upande mmoja kuna barabara ya malori, upande mwingine kuna reli yenye uzio usioruhusu hata mbuzi kupita. Mwenye nyumba humo anabaki na hati yake na nyumba yake, ila ng'ombe hawafiki tena malishoni, mtoto hafiki shuleni bila kuzunguka, na mnunuzi wa kiwanja hupunguza bei mara anapoliona tuta. Na hiyo ni kona moja. Kwenye vilima vya Salama, ambako barabara ya Mombasa hupinda kushoto kisha kulia kabla dereva hajapumua, treni ya kilomita 300 haiwezi kufuata hata kidogo. Ingelazimika kukata moja kwa moja, kwa handaki au kwa daraja refu.

Upande wa pili wa hesabu ni mzuri pia, na haufai kufichwa. Nyika kati ya Mariakani na Voi ina sehemu ndefu zilizonyooka ambako reli ya kasi yoyote ingeweza kwenda sambamba na lami. Kwa hiyo anayesema reli ya kasi haiwezi kufuata barabara anakosea, na anayesema itafuata barabara tangu Miritini hadi Syokimau anakosea zaidi.

Milima nayo

Kutoka bahari hadi Nairobi ni kupanda takriban mita 1,600. Ukigawanya kwa umbali wote, ni wastani wa mita 3 na nusu hivi kwa kila kilomita, mwinuko ambao reli yoyote inauweza. Tatizo ni kwamba nchi haipandi kwa wastani. Hulala tambarare, kisha ikainuka ghafla.

Lori lenye kontena hupanda mlima wa asilimia 6, yaani mita 6 juu kwa kila mita 100 za mwendo, likinguruma kwa gia ndogo. Treni ya mizigo haiwezi, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, na mwinuko wa asilimia 1 au 2 tayari ni mzigo mzito kwake. Treni ya umeme ya abiria pekee, nyepesi na yenye mota katika mabehewa mengi, huweza asilimia 3.5 hata 4. Hapo ndipo mpangaji hujikuta njia panda. Akijenga reli inayofuata miinuko ya barabara, mizigo haitapita humo. Akijenga inayofaa mizigo, itaiacha barabara kila mlima unapoanza. Na kwa reli yetu ya sasa mizigo ndiyo huleta sehemu kubwa ya mapato.

Upande wa magharibi mambo ni magumu zaidi. Barabara inayoteremka kutoka Limuru hadi Naivasha inaning'inia kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. SGR ilipofika Naivasha mwaka 2019 haikuifuata barabara hiyo. Ilipitia Ngong, kwa handaki la takriban kilomita 4 na nusu, kisha ikashuka kwenda Suswa. Hiyo ni reli ya mwendo wa kawaida. Ya kasi ingehitaji mahandaki mengi zaidi.

Waliotangulia

Ujerumani ndiyo mfano unaofundisha vizuri. Mwaka 2002 ilifungua reli ya kilomita 300 kwa saa kati ya miji ya Köln na Frankfurt, takriban kilomita 180. Kwa sehemu kubwa ya safari, reli hiyo inaenda ubavuni mwa barabara kuu ya A3, na hilo lilifanywa kwa makusudi, ili misitu na mashamba yasikatwe mara mbili. Lakini ili treni iweze kuifuata barabara kwenye vilima, Wajerumani walikubali miinuko ya asilimia 4. Matokeo yake ni kwamba treni za mizigo hazipiti humo kabisa, na ni aina maalumu tu ya treni za abiria yenye nguvu ya kutosha inayoruhusiwa. Hata hivyo walichimba mahandaki 30, jumla yake karibu kilomita 47. Yaani hata nchi iliyoamua kufuata barabara ililazimika kupitisha robo ya reli yake chini ya ardhi.

Marekani imeanza jambo la kijasiri zaidi. Mwezi Aprili 2024 ujenzi ulizinduliwa wa reli ya Brightline West kutoka Las Vegas hadi Rancho Cucamonga, karibu na Los Angeles, kilomita 351, sehemu kubwa katikati ya barabara kuu ya I-15, kwenye ukanda unaotenganisha magari yanayokwenda na yanayorudi. Ardhi hiyo ni ya umma tayari, nayo sehemu kubwa inapita jangwani. Treni imetangazwa kufika kilomita 320 kwa saa. Lakini safari nzima imekadiriwa kuchukua kama saa 2 na dakika 10, na ukigawanya utaona wastani ni karibu kilomita 160 kwa saa, nusu ya kasi inayotangazwa. Kona na milima ya barabara ndizo zinazokula sehemu ya kasi hiyo. Na gharama, iliyotajwa mwanzoni kuwa dola bilioni 12, kufikia 2025 ilikuwa imepita bilioni 20. Ardhi ya barabara ilipunguza mzozo wa mashamba. Haikupunguza bei kama wengi walivyodhani.

Jambo hilo la wastani si la Marekani pekee. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya waliripoti mwaka 2018 kwamba, kwenye reli za kasi walizozikagua, treni zilikuwa zikienda kwa wastani wa karibu asilimia 45 tu ya kasi ambayo njia ilijengewa. Nchi zinalipia kilomita 300 na kupata 135. Kwa mtazamo wa mlipa ushuru, hili ndilo somo la kwanza.

Upana, malori na maji

Hifadhi ya barabara kuu nchini kwa kawaida huwa karibu mita 60. Kwa macho ni uwanja mpana, hasa pale ambapo lami ni njia mbili tu. Lakini weka humo barabara ya njia nne, barabara za pembeni za kuhudumia miji, mitaro, nguzo za stima, mabomba ya maji na nyaya za mawasiliano, kisha angalia kilichobaki.

Reli mbili sambamba za treni ya kasi huhitaji sehemu ya juu ya tuta yenye upana wa karibu mita 14. Tuta lenyewe lina miguu. Likiwa na kimo cha mita 6, na kila upande ukiteremka mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo, upana wa chini unafika mita 38, kabla ya mtaro na uzio. Dawa ya kubana nafasi ni kuinua reli juu ya nguzo. Wakazi wa Mlolongo wamekwisha kuona jinsi hilo linavyofanywa: barabara ya kulipia ya Nairobi, kilomita 27 hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, ina sehemu zilizobebwa na nguzo zilizosimikwa katikati ya barabara iliyokuwapo. Mahali hapo sasa pana mwenyewe. Reli ikitaka kuingia Nairobi kwa njia hiyo itapaswa kutafuta pengine.

Kisha kuna hatari ya gari kuingia njiani mwa treni. Tarehe 28 Februari 2001, huko Great Heck nchini Uingereza, gari moja liliacha barabara kuu ya M62, likateremka bondeni na kusimama juu ya reli. Treni ya abiria iliyokuwa ikienda karibu kilomita 200 kwa saa ililigonga, ikaacha njia na kugongana na treni ya mizigo. Watu 10 walikufa. Reli inayolala kando ya barabara hukabiliwa na hatari hiyo mchana na usiku, kilomita baada ya kilomita, na hapa kwetu jirani yake angekuwa si gari dogo bali trela lenye kontena. Kwa hiyo kuta na matuta ya kinga si pambo la mradi. Treni ya kilomita 300 kwa saa huhitaji zaidi ya kilomita 3 kusimama. Dereva akiliona trela, amekwisha kuchelewa.

Kwa sababu hiyo hiyo hakuna mtu wala mnyama anayeweza kuachiwa avuke. Florida, Marekani, inaonyesha tofauti hiyo ndani ya reli moja. Njia ya Brightline kati ya Miami na Orlando, iliyokamilika Septemba 2023, hupita kwanza kwenye reli ya zamani inayokatiza mitaa na barabara nyingi za mijini, na humo watu na magari wamegongwa mara nyingi. Sehemu ya mwisho, kutoka Cocoa hadi Orlando, ilijengwa upya kando ya barabara kuu, haina mahali pa kuvukia juu ya reli, na humo ndimo treni hufika kilomita 200 kwa saa. Uzio na madaraja ndiyo yanayoruhusu kasi.

Kwa kijiji, maana yake ni kwamba njia zote za mkato zinazojulikana leo zitafungwa, na watu watategemea madaraja na vivuko vya chini vilivyowekwa na mchoraji. Hapa kuna kosa linaloweza kuzuiwa mapema. Kivuko kilicho chini ya reli hakina faida ikiwa anayetokea upande wa pili anakutana uso kwa uso na malori. Barabara na reli zikiwa pamoja, kivuko lazima kipite chini ya vyote viwili. Tsavo, ambako barabara, reli ya zamani, SGR na bomba la mafuta vimelala karibu karibu kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, tuta la SGR lilijengwa likiwa na mapito ya tembo na wanyama wengine. Kila mstari mpya unaoongezwa hapo huongeza urefu wa safari ya tembo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ng'ombe wa mfugaji wa Emali wana shida iyo hiyo, ila hawana shirika la kimataifa la kuwasemea.

Maji nayo hayaulizi ramani. Mvua ya vuli ikishuka kutoka vilima vya Chyulu au Taita, hupita kwenye makaravati ya barabara. Karavati la reli lisipowekwa sambamba na la barabara, au likiwa dogo kuliko lile, eneo lililo katikati hugeuka bwawa. Ni lile lile umbo la mwezi mchanga lililotajwa juu.

Treni itasimama wapi?

Treni za SGR zinazosimama njiani zina vituo saba kati ya Syokimau na Miritini: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Kwa treni ya kilomita 300, kupunguza mwendo, kusimama na kurudia kasi hupoteza kama dakika 6 kila kituo. Saba ni dakika 42. Safari iliyouzwa kwa abiria kuwa ya saa 2 itakaribia saa 3, na ndiyo maana waendeshaji wa treni za kasi huvipenda vituo vichache.

Wafanyabiashara wa miji ya barabarani wana sababu ya kulifuatilia hili kuliko jambo lingine lolote. Mtito Andei na Mariakani, ambako hoteli, gereji na wauza matunda waliishi kwa lori na basi lililosimama, wamekwisha kuona mizigo ikihamia relini na wasafiri wakipita bila kushuka. Reli inayopita karibu na mji bila kusimama huleta kelele na uzio. Inayosimama ni habari tofauti. Kwenye ile reli ya Köln–Frankfurt, miji midogo ya Montabaur na Limburg ilipata vituo baada ya mvutano mrefu, na utafiti wa wachumi uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba pato la maeneo yaliyopata vituo hivyo vya njiani lilipanda kwa takriban asilimia 8.5 kuliko ambavyo lingekuwa. Lakini vituo hivyo viliwekwa kabla ya michoro kukamilika. Kituo hakiongezwi kwa urahisi baadaye.

Abiria wa kutosha?

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2019 kwamba China, inayojenga kwa bei nafuu kuliko nchi nyingi, ilitumia kati ya dola milioni 17 na 21 kwa kila kilomita ya reli ya kilomita 350 kwa saa. Ukizidisha hata kiwango cha chini kwa kilomita 472, unapata dola bilioni 8, ambazo kwa shilingi 130 kwa dola ni zaidi ya shilingi trilioni moja. SGR ya Mombasa–Nairobi iligharimu takriban shilingi bilioni 327. Wakaguzi wa Ulaya waliotajwa walitumia kipimo cha abiria milioni 9 katika mwaka wa kwanza ili reli mpya ya kasi ijistahilishe. SGR imekuwa ikibeba abiria zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na mara nyingi hujaa, jambo linaloonyesha kwamba kiu ya usafiri ipo. Bado pengo ni kubwa. Njia ya kati, ya treni ya umeme ya 160 hivi, ingefupisha safari kuwa chini ya saa 4, ingebaki karibu na barabara kwenye kona nyingi, na ingechukua ardhi ndogo zaidi. Haina sifa za kutangazwa magazetini, lakini kwa kaunti zilizo njiani ndiyo inayostahili kupimwa kwanza.

Sheria inamlinda nani

Reli na barabara kuu ni kazi ya Serikali ya Kitaifa kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti haijengi reli wala haiizuii. Kazi ya kaunti ni upangaji na maendeleo ya eneo lake, barabara za kaunti na masoko. Kwa hiyo hatua ya kwanza iliyo mikononi mwa kaunti ni mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha mapema ni wapi kituo kinafaa, ni wapi watu na mifugo huvuka, na ni wapi majengo mapya yasiidhinishwe.

Hifadhi ya barabara ni ardhi ya umma. Aliyejenga kibanda humo hana hati, lakini hastahili kuamka na kukuta tingatinga mlangoni. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondoa watu kwenye ardhi ya umma. Na Katiba, Kifungu cha 40, inaruhusu fidia kwa wanaokaa kwa nia njema hata bila hati.

Kwa ardhi ya mtu binafsi, utaratibu hupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Ilani ya nia ya kuchukua ardhi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku zisizopungua 30 baadaye hufanyika kikao cha uchunguzi, ambacho tarehe yake hutangazwa siku 15 kabla. Hapo ndipo mwenye shamba hupeleka madai yake kwa maandishi. Asiporidhika, lipo Baraza la Rufaa la Utwaaji wa Ardhi. Mthamini huongeza asilimia 15 ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu.

Kanuni za fidia za 2017 zina kipengele ambacho wengi hawakitumii. Mthamini anatakiwa kuzingatia si ardhi inayochukuliwa tu, bali pia hasara inayoletwa na kutenganisha kipande hicho na ardhi nyingine ya mwenyewe. Mkazi aliyenaswa kati ya lami na reli, ambaye hakupoteza ila ukanda mwembamba wa shamba, ana haki ya kudai kwa sababu ya kisima kilichobaki ng'ambo, malisho yasiyofikika na njia iliyofungwa. Ushahidi wake ni ramani ya upimaji inayoonyesha mahali hasa reli inapoiacha barabara na inaporudi, pamoja na picha za njia zinazotumika leo, na unafaa kuwa tayari kabla ya siku ya kikao. Ramani ya kipande cha ardhi hupatikana katika ofisi ya upimaji wa ardhi, na mchoro wa mradi hupaswa kuambatana na ripoti ya athari za mazingira ambayo NEMA huiweka wazi kwa umma ili watu watoe maoni.